Kurasa 214 za Babu, na neno "no" nililoliruka

Babu yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba upande wa Sengerema. Alipofariki aliacha sanduku la bati, na ndani yake kurasa 214 zilizopigwa taipu: kumbukumbu za mikutano kuanzia 1968 hadi 1975, mwaka mmoja kabla serikali haijavunja vyama vikuu vya ushirika. Karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Wino umefifia, na herufi "e" ya mashine yake ilikuwa imeziba tundu, kwa hiyo kila "e" inaonekana kama nukta nene.

Bibi alitaka jambo moja tu kutoka humo. Anakumbuka kwamba baba yake mzazi alitoa mchango shule ya kijiji ilipoezekwa, na kwamba Babu aliuandika. "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayejua kompyuta," aliniambia kwenye simu. "Nitafutie huo ukurasa unisomee, nisikie mwenyewe."

Ningeweza kuzisoma zote kwa macho, na nilianza hivyo. Lakini mama wadogo nao walikuwa na majina yao ya kutafuta, wajomba vilevile, na kila aliyesikia habari ya sanduku alikuja na swali lake. Nikaona afadhali kurasa zote zigeuzwe maandishi yanayotafutika mara moja, kazi iishe. Nikaziskani, nikazihifadhi kama picha za PNG, aina mojawapo ya faili la picha, nikaanza kutafuta programu ya kuzisoma.

Programu hiyo ipo na ni ya bure. Inaitwa Tesseract. Ilianza kuandikwa 1985 katika maabara ya Hewlett-Packard mjini Bristol, Uingereza, ikaja kuwekwa kabatini katika miaka ya 1990, hadi ilipofunguliwa kwa umma 2005. Ray Smith, aliyeishughulikia tangu enzi hizo, aliendelea nayo baadaye akiwa Google. Kompyuta yangu, ya mtumba yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 na betri iliyokwisha kufa, ilikuwa na Ubuntu 16.04, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, na ndani ya Ubuntu hiyo kulikuwa na Tesseract toleo la 3.04. Nililijaribu. "Mkutano" ukawa "mkut8n0". "Wajumbe" wakawa kitu nisichoweza hata kukitamka.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 2019. Toleo la 4 lilikuwa limetoka miezi michache tu kabla, Oktoba 2018, na lilikuwa limebadilika kabisa ndani: badala ya kutambua herufi mojamoja, lilitumia mtandao wa neva unaosoma mstari mzima kwa pamoja, kama sisi tunavyolitambua neno hata herufi mbili zikiwa zimefutika. Kwa "e" za Babu hicho ndicho kilichohitajika. Ila Ubuntu yangu haikuwa na kifurushi chake. (Baadaye nilijua kuna watu wa kujitolea wanaotayarisha vifurushi vipya kwa ajili ya Ubuntu kongwe. Wakati ule sikujua.) Kubadilisha mfumo mzima kwa bando la simu sikuweza. Ikabaki njia moja: kuchukua msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya waandishi wa programu, na kuyakompili nyumbani.

Maelekezo yalikuwa mistari mitano. Autogen huandaa, configure hukagua kama vinavyohitajika vipo, make hujenga, make install husakinisha, ldconfig huuarifu mfumo. Nilitenga jioni moja. Ilinichukua siku tisa.

Kwa asiyewahi kufanya kazi hii, nieleze kidogo. Programu tunayoisakinisha kwa kubofya ni chakula kilichokwisha pikwa. Msimbo chanzo ni nafaka. Kompaila ndiyo inayousaga na kuupika hadi kompyuta iweze kuula. Lakini hakuna programu kubwa inayojitegemea. Kila moja inaazima kazi kutoka kwa nyingine, na hizo za kuazimwa huitwa maktaba. Tesseract yenyewe haijui kufungua picha. Kazi hiyo inamwachia mwenzake aitwaye Leptonica, maktaba iliyoandikwa na Dan Bloomberg. Leptonica nayo haijui kufungua PNG. Inaazima kwa libpng. Na libpng inaazima kwa zlib kazi ya kufumua data iliyobanwa. Mnyororo ndio huo, na kila pete yake inaweza kukatika kwa namna yake.

Pete ya kwanza ilikatika kwenye autogen. Nilikuwa nimesakinisha zana zake, autoconf na automake, kama nilivyoelekezwa, skripti ya configure (orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa zamu) ikazaliwa, nikaiendesha, ikatoa malalamiko kuhusu alama ya sintaksia karibu na maneno -mavx,avx=1,avx=0. Nililitazama neno hilo jioni nzima. AVX ni amri za hesabu zilizomo ndani ya prosesa mpya, na prosesa yangu, Core 2 Duo, haina. Nikaamini kabisa kwamba kompyuta imekataliwa kwa uzee. Nikafunga, nikalala na huzuni ya kweli, maana sikuwa na nyingine.

Kumbe AVX haikuhusika. Kulikuwa na kifurushi kimoja kidogo, autoconf-archive, kilichokosekana, na ndicho chenye maana ya neno ambalo waandishi wa Tesseract walilitumia kuuliza "je, kompaila hii inajua AVX?" Kikikosekana kifurushi, swali linaachwa likiwa ghafi ndani ya skripti, na skripti inajikwaa juu yake. Yaani ujumbe ulitaja mahali mguu ulipojigonga, haukutaja aliyeacha jiwe njiani. Nilisakinisha autoconf-archive, nikarudia, ikapita.

Ikanifikisha kwa Leptonica. Ujumbe ulisema inahitajika Leptonica 1.74 au zaidi, na ukanishauri nijaribu kusakinisha kifurushi cha libleptonica-dev. Nikatii. Nikaendesha tena. Ujumbe uleule, ushauri uleule. Nikaona labda nimekosea, nikakiondoa, nikakirudisha. Uleule. Ubuntu 16.04 ilikuwa na Leptonica 1.73. Ushauri ulikuwa sahihi kwa mtu mwenye mfumo mpya, na kwangu ulikuwa duara lisilo na mlango. Sitaki kumlaumu aliyeuandika. Alikuwa anajaribu kusaidia, na hakuwa na namna ya kujua niko na mfumo gani. Lakini nilijifunza kuzitazama nambari kabla ya maneno. Ilinibidi nishushe msimbo wa Leptonica 1.76 nao nikaukompili kwanza.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu kuliko yote, ingawa wakati ule nilidhani ni ushindi. Skripti ya configure ya Leptonica ilishuka kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kama mvua: inakagua hiki, yes; inakagua kile, yes; yes, yes, no, no, yes. Mwishoni haikulalamika. Nikapiga make, ikamaliza bila kosa hata moja. Nikapiga make install, ikakubali. Baada ya siku tatu za kukataliwa, programu iliyokubali kila kitu ilinifanya nihisi hatimaye naijua kazi.

Zamu ya Tesseract yenyewe. Nilikuwa nimeona mahali mtu anaandika make -j8, maana yake fanya kazi nane kwa wakati mmoja. Yeye alikuwa na mashine ya kufanya hivyo. Mimi nilikuwa na GB 2 na kivinjari kimefunguliwa kurasa sita za maelekezo. Baada ya dakika chache kipanya kiligoma kutembea, diski ikawa inakwaruza kama panya darini, kisha ukatokea mstari: internal compiler error: Killed (program cc1plus). Chini yake niliombwa nitume ripoti ya hitilafu kwa wenye kompaila.

Kompaila haikuwa na hitilafu yoyote. Neno la kusoma pale ni Killed. Mkono uliomuua ni wa Linux yenyewe: kumbukumbu ikiisha kabisa, kiini cha mfumo huchagua programu inayokula zaidi na kuiua ili mashine nzima isife. Nikafunga kivinjari, nikanakili maelekezo kwenye daftari kwa kalamu, nikatenga GB 2 za diski zitumike kama kumbukumbu ya akiba, nikapiga make peke yake bila nyongeza. Ikaenda taratibu, faili moja baada ya jingine. Nilikaa nikaitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Umeme ukakatika.

Betri ilikuwa imekufa kama nilivyosema, kwa hiyo mashine ilizimika palepale. Nilitulia, maana nilijua make ina kumbukumbu. Stuart Feldman aliiandika 1976 huko Bell Labs, na akili yake ni rahisi: linganisha saa. Kama faili lililopikwa ni jipya kuliko msimbo wake, halina haja ya kupikwa tena. Ukikatizwa katikati, ukirudi inaendelea pale ilipoishia.

Lakini akili hiyo inategemea saa iwe saa kweli. Umeme uliporudi, kompyuta iliniambia leo ni tarehe 1 Januari 2007. Ile betri ndogo ya kidonge inayotunza saa nayo ilikuwa imekwisha, na sikuwa na bando la kuiwezesha kompyuta kuuliza saa mtandaoni. Make ikaonya kwamba mafaili yana tarehe ya baadaye, kwamba saa zimepishana, kwamba kazi inaweza isikamilike. Nikarekebisha saa kwa mkono. Ikaendelea, ikafika hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande vyote, ikakataa: file not recognized: File truncated.

Hili linastahili kuelezwa vizuri kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi kwenye umeme wa namna hii. Kompyuta haiandiki kwenye diski mara tu inapoambiwa. Inaweka kwanza kwenye kumbukumbu, kisha inaandika baada ya sekunde kadhaa. Umeme ukikatika ndani ya sekunde hizo, jina la faili linaweza kubaki kwenye diski, na tarehe yake, lakini ndani ni tupu. Baiti 0. Make inalitazama jina, inaitazama tarehe, inasema hili tayari, inapita. Nilikuta mafaili matatu ya namna hiyo. Nikapiga make clean, nikafuta kila kitu, nikaanza upya saa nne usiku, watu wakiwa wamelala na feni na taa zimezimwa.

Ikamaliza. Nikasakinisha. Nikaiita kwa jina, ikajibu kwamba haioni libtesseract.so.4. Maktaba ilikuwa pale pale nilipoiweka, ila mfumo haukuwa umearifiwa kwamba kuna mgeni. Amri ya ldconfig ndiyo inayoarifu, nami niliiruka. Nikaipiga. Nikaita tena, ikasema haijapata faili la lugha. Nikashusha faili la Kiswahili, swa.traineddata, nikaliweka kwenye folda ya tessdata. Makosa haya mawili niliyatatua ndani ya dakika ishirini, na nilianza kuhisi kwamba naisoma lugha hii.

Nikaipa ukurasa wa kwanza wa Babu.

Error in pixReadStreamPng: function not present.

Soma ujumbe huo polepole. Hausemi picha ni mbovu. Hausemi faili halipo. Unasema kazi ya kusoma PNG haimo. Nikafungua picha ileile kwa programu ya kawaida ya kutazama picha, ikafunguka vizuri, "e" nene zote zinaonekana. Nikasakinisha libpng, nikaambiwa tayari ipo. Nikajaribu picha nyingine, na nyingine. Siku mbili nilizunguka hapo. Niliposhindwa nilimpigia rafiki yangu mmoja wa Mwanza anayefanya kazi ya mitandao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kaka, ile configure ya Leptonica uliisoma, au ilipita tu?"

Ilipita tu. Akanielekeza kwenye faili la config.log, ambalo huhifadhi yote yaliyosemwa. Nikatafuta png ndani yake. Pale pale, tangu siku ya nne, ilikuwa imeandikwa kwamba libpng haikupatikana. Libjpeg haikupatikana. Libtiff haikupatikana. Ndizo zile "no" zilizoteleza katikati ya mvua. Na Leptonica, kwa kuwa imeandikwa iweze kuishi hata bila hizo, ilifanya kile kilichowezekana: ikajijenga ikiwa haijui kusoma PNG, wala JPEG, wala TIFF, ikamaliza bila kosa. Maktaba ya picha isiyoweza kufungua aina yoyote ya picha niliyokuwa nayo, na ilisakinishwa kwa mafanikio kamili.

Lakini libpng si ilikuwepo? Ilikuwepo, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kuna libpng ya kutumia na kuna libpng ya kujengea. Ya kwanza ni kama nguo iliyokwisha shonwa: unaivaa, unatembea nayo. Fundi anayetaka kushona nyingine ya kuendana nayo hahitaji nguo yenyewe tu. Anahitaji karatasi ya vipimo. Kwenye Ubuntu vipimo hivyo vinafungwa kwenye kifurushi cha peke yake ambacho jina lake huishia na -dev, na mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kuwa nacho. Mimi nilikuwa na nguo bila vipimo. Nilihitaji libpng12-dev, libjpeg8-dev, libtiff5-dev na zlib1g-dev. Vifurushi vinne. Bando la Sh 1,000 lilitosha na likabaki.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu wakati ule. Makosa yaliyonisimamisha, hata yale yaliyonidanganya kuhusu prosesa yangu, yalinisaidia, kwa sababu yalinilazimisha kusimama. Lililonila siku nyingi ni lile lililoniruhusu kupita. Naamini kwa dhati kwamba skripti ya configure inapokosa kitu ambacho karibu kila mtu atakihitaji, inapaswa kusimama na kukuuliza: unataka kweli maktaba ya picha isiyosoma PNG? Anayetaka hivyo ataweza kusema ndiyo. Programu nyingi siku hizi hutoa angalau muhtasari mwishoni, hiki nimekipata, hiki sikukipata, na kila ninapouona namshukuru mtu ambaye simfahamu.

Na si suala la usumbufu tu. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data iliyomo karibu kila mahali kwenye Linux, kulikuwa na mlango wa siri. Alishtuka kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta ya mbali kupitia mtandao, kulichelewa kama nusu sekunde. Sehemu ya hila ile ilifichwa kwenye skripti za ujenzi, ndani ya furushi la msimbo lililotolewa kwa umma, sehemu ambayo haikuwemo kwenye hazina ya wazi ambako watu hupitia mabadiliko. Ilifichwa hasa kwenye maandishi ambayo sisi sote tunayaacha yapite. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mvua yangu ya yes na no.

Nilisakinisha vile vifurushi vinne. Nikaijenga upya Leptonica, na safari hii niliisoma configure mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Jambo lililonifurahisha ni kwamba Tesseract sikulazimika kuigusa. Inaiazima Leptonica wakati wa kufanya kazi, kwa hiyo iliikuta mpya mahali pa ile ya zamani ikaendelea. Nikapiga tesseract --version. Mara ya kwanza chini ya jina la Leptonica hapakuwa na kitu. Sasa palikuwa na libjpeg, libpng, libtiff, zlib, kila moja na nambari yake, na chini yao maneno Found SSE, yaani amri za hesabu za zamani kuliko AVX. Ile prosesa niliyoidhania imekataliwa, programu ilikuwa imeikagua, ikaona inachoweza, na ikakubali kukitumia.

Kurasa 214 zilichukua usiku mzima. Si kamilifu. "E" nyingi zimepatikana, chache zimekuwa "o". Kinachoisumbua zaidi ni ng': ile alama ya ritifaa juu ya mashine ya Babu ilikuwa inaruka juu kidogo, na Tesseract ikawa inaiona kama alama za kunukuu. Kuna ng"ombe wengi kwenye mafaili yangu. Nimewaacha hivyo kwa sasa.

Asubuhi nilitafuta neno "mabati" kwenye mafaili yote. Halina "e" hata moja. Yakaja majibu kumi na moja, na la saba lilikuwa ukurasa wa 143, mkutano wa 1971, orodha ya michango ya kuezeka shule. Jina la baba yake Bibi lilikuwa la nne: ametoa ng"ombe mmoja na Sh 40/-.

Nilimpigia, nikamsomea mstari huo mara mbili. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Hawakuandika ni ng'ombe wa rangi gani?" akauliza.

Hawakuandika, Bibi.

"Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji. Ndiye tuliyekuwa tukimkamua. Liandike hilo nalo."